Wadudu Kumi na Mmoja

Cheti kilifika Jumanne mchana, ndani ya bahasha ya kaki, na Povu akakataa kukifungua mpaka anawe mikono. Jambo hilo liliwachekesha wote waliokuwepo, maana mikono ya mtu huyo ilishinda kwenye sabuni kutwa nzima. Alikuwa muosha magari kando ya kijito, na jina la Povu alipewa na madereva, ambao hawakuwahi kumwona akilisuuza gari kabla ya kulifunika lote likawa jeupe kama kondoo. Alinawa, akajifuta kwenye suruali, akaona suruali yenyewe chafu, akanawa tena. Mwishowe akampa shemeji yake bahasha aifungue yeye.

Shemeji alikuwa mdogo wa mkewe, na walifanya kazi pamoja. Kwa vile Povu alimwita Shemeji, madereva nao walimwita Shemeji, hata wale wasiomjua dada yake kwa sura. Akasoma kwa sauti ya mtu wa redio: Ofisi ya Mazingira ya Mji inampongeza mwenye sehemu ya kuoshea magari kwa kuyatunza maji ya kijito, kama ilivyothibitishwa na upimaji uliofanywa na wanafunzi wa klabu ya mazingira. Chini palikuwa na muhuri wa buluu na saini iliyoandikwa kwa haraka, kama ya mtu anayekimbia mvua.

"Rudia pale pa kuyatunza," Povu akasema.

Shemeji akarudia mara tatu. Mara ya tatu Povu alikuwa akiyasema maneno pamoja naye.

Kufikia jioni cheti kilikuwa ukutani sebuleni, ndani ya fremu ya kioo iliyonunuliwa njiani. Ili kipate nafasi, kalenda ilihamishiwa jikoni, na picha ya harusi ikasogezwa hadi nyuma ya mlango, jambo ambalo mkewe aliliona akalinyamazia kwanza. Povu alikaa kwenye kiti kinachotazamana nacho, akamwita binti yake aje akae kando yake, kwa kuwa bila yeye heshima hiyo isingepatikana. Binti alikuwa na miaka kumi na minne, na ndiye aliyekuwa katibu wa klabu iliyofanya upimaji. Tangu achaguliwe, baba yake alikuwa amesahau jina lake la kuzaliwa. Katibu, lete chumvi. Katibu, andika kwenye kumbukumbu kwamba mama yako leo amechelewa kupakua.

Jioni hiyo Katibu alisema tumbo linamuuma. Alikaa kidogo kando ya baba yake macho yakiwa sakafuni, kisha akaomba ruhusa akalale. Katika nyumba ile ni yeye peke yake aliyejua kwamba kile cheti kilikuwa cha uongo, maana uongo wenyewe aliuandika yeye.

* * *

Ilikuwa hivi. Wiki tatu kabla ya hapo, mwalimu wa sayansi aliwapeleka wanafunzi wa klabu kijitoni. Mwalimu huyo, mama mfupi mwenye kofia pana ya majani, hakupenda kufundisha kwa kitabu kitu ambacho mtu anaweza kukishika. Wanafunzi wake wengi walikuwa wamezaliwa mita mia mbili kutoka kwenye kijito hicho, na walikijua kama mahali pa kutupia vitu. Akawaambia wavue viatu.

Akawaonyesha mdudu mmoja mdogo, bapa, aliyekuwa amejishikiza chini ya jiwe. Hakuzidi punje ya mchele, na alikuwa na mikia mitatu myembamba kama nyuzi za kushonea. Huyu, mwalimu akasema, hawezi kuishi kwenye maji machafu. Sabuni na mafuta humnyima pumzi. Kwa hiyo ukitaka kujua hali ya maji, huna haja ya mashine. Geuza mawe, mhesabu yeye. Na ukimaliza, jiwe lirudishe kama ulivyolikuta, kwa adabu, kama mgeni anayefunga mlango wa watu akitoka.

Watoto walipagawa. Kijana mmoja aliyejulikana darasani kwa kuogopa mende aligeuza mawe kumi bila kuinua kichwa. Katibu alimweka mdudu mmoja kiganjani ndani ya maji kidogo, akamwangalia akipunga mikia yake, na alipoambiwa amrudishe alijifanya hakusikia mara mbili.

Vituo vya kuhesabia vilikuwa vitatu. Cha kwanza kilikuwa juu, kwenye miamba. Cha pili kilikuwa mara tu baada ya kwa Povu, na cha tatu chini zaidi, kwenye bustani za mboga. Kituo cha pili hakikupata watu, kwa sababu maji yake yalikuwa na rangi za upinde wa mvua na harufu ya dizeli. Katibu akajitolea kwenda peke yake. Pale ni kwetu, alisema, na wenzake wakacheka.

Aligeuza mawe thelathini. Yalikuwa meusi, yakiteleza kama sufuria isiyooshwa. Hakukuwa na mikia mitatu, hakukuwa na konokono, hakukuwa na chochote. Kutoka juu alisikia wenzake wakiitana kwamba wamefikisha kumi na wanne. Akakumbuka mjomba wake, yule Shemeji, akisema asubuhi ile, huku anakunywa chai, kwamba ofisi ya mji inatafuta sababu ya kuwaondoa waosha magari, na kwamba safari hii wakiipata hawataiachia. Na mwalimu alikuwa amesema hesabu zao zitapelekwa ofisi ya mji.

Akasimama na penseli. Kisha akaandika kumi na mmoja. Kumi aliiona ni namba ya mtu aliyekisia.

Kwenye kituo cha tatu, kwenye bustani za mboga, wenzake walipata wawili.

* * *

Baada ya cheti, mambo ya Povu yalinyooka. Shemeji alichukua bati, akaandika kwa rangi nyekundu: HAPA MAJI SAFI, YAMEPIMWA. Alipoona nafasi imebaki, akachora mdudu mwenye mikia mitatu na macho makubwa, anayetabasamu. Magari yalianza kupanga foleni. Mwenye malori, mfanyabiashara aliyekuwa akiwapita miaka yote bila hata kupunguza mwendo, alisimama, akasoma bati, akasema yeye anapenda kufanya kazi na watu wenye karatasi. Kuanzia siku ile malori yake matano yakawa yanaoshwa hapo.

Malori hayo yalikuja na tope la machimbo na grisi ya kutosha kukaangia. Povu akaanza kununua sabuni kwa magunia. Povu lenyewe likawa linateremka na maji hadi kwenye kona, jeupe, limetandazwa kama shuka zilizoanikwa. Kila mteja alielezwa habari za mdudu. Povu alizieleza kwa moyo wote na alikosea karibu zote: kwamba mdudu anapenda sana baridi ya sabuni, kwamba akikua anakuwa samaki. Madereva waliitikia kwa vichwa, kwa heshima.

Katibu, akitoka shule, alianza kupita njia ndefu ya kuzungukia sokoni. Hakutaka kulisoma lile bati.

Nyumbani, mama yake alikuwa msusi, na kila Jumamosi ukumbi wa mbele ulijaa wanawake, vitana na maneno. Jumamosi ya pili baada ya cheti alikuja Mama Bustani. Huyu alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, aliyelima mboga kandokando ya kijito na wenzake wawili, na kichwa chake kilisukwa na mama yake Katibu tangu Katibu akiwa wa kubebwa. Alikaa kwenye mkeka, akaegemea magoti ya msusi, akatoa kwenye mkoba bahasha ya kaki.

Alisema amekuja na barua ili Katibu amsomee. Ameisoma mwenyewe mara mbili, lakini alitumaini kwamba ikisomwa na mtu mwingine huenda ikasema kitu kingine.

Katibu akasoma. Barua ilisema kwamba kwa mujibu wa upimaji uliofanywa, idadi ya wadudu kumi na mmoja iliyoonekana kwenye sehemu ya kuoshea magari imeshuka hadi wawili kwenye bustani za mboga. Kwamba hiyo ni dalili tosha ya uchafu unaotokana na mbolea na dawa za wakulima. Na kwamba wenye bustani wanapewa siku thelathini kuondoka. Saini ilikuwa ileile ya mbio.

"Basi haikubadilika," Mama Bustani akasema. Akainamisha kichwa ili msusi avute msuko wa kwanza. "Mwanangu, wewe ndiye unayewajua hao wadudu. Wanataka nini? Kama ni kivuli, nitawapandia. Kama ni chakula, nitawagawia. Mimi sikuwahi kuwafanyia ubaya. Hata sikujua kama wapo."

Msusi alicheka. Ndipo akamwona binti yake kwenye kioo cha mkononi alichokishika Mama Bustani, na kicheko kikakatika. Miaka ya kushika vichwa vya watu ilikuwa imemfundisha kujua uzito ulioko ndani yake. Alimaliza mistari yote kumi na sita, akampaka mteja wake mafuta, na mteja alipotaka kulipa akamwambia wataangalia siku nyingine.

Mama Bustani alipokwisha kupotea kwenye kona, msusi alimwambia binti yake akae. Katibu alisema nywele zake bado hazijafika wakati. Akaambiwa akae. Katika nyumba ile mambo mazito yalisemwa namna hiyo, kichwa kikiwa kati ya magoti ya mama, ambapo msemaji haoni uso wa anayemsikiliza. Misuko minne ilikuwa imeshafumuliwa Katibu alipoanza kusema. Vidole vya mama yake vilisimama, kisha vikaendelea.

"Utamwambia baba yako mwenyewe," mama akasema alipomaliza kufumua. "Mimi nitakusuka. Hilo sitakubebea."

* * *

Alimwambia saa kumi jioni hiyohiyo, nywele zake zikiwa zimefungwa kitambaa. Povu alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu la lori la tatu, anasugua. Alipomwona alifurahi, akamwambia afike upesi achukue kumbukumbu: malori matatu kabla ya jua kuzama.

"Baba, wale wadudu kumi na mmoja hawakuwepo."

"Wameondoka?"

"Hawakuwepo tangu mwanzo. Niliwaandika tu."

Povu aliendelea kusugua. Alilimaliza gurudumu lile, akahamia la pili, akauliza hesabu yenyewe ilikuwa ngapi. Sifuri, Katibu akasema. Akauliza mawe yalikuwa mangapi. Thelathini. Akasema labda hakuangalia vizuri, jua lilikuwa kali, wadudu wenyewe wadogo.

"Niliangalia vizuri, baba. Niliogopa watakufukuza."

Hapo ndipo Povu alipoweka brashi chini. Sifuri angeivumilia, alishawahi kukosa vitu vikubwa kuliko wadudu. Kilichomkaa kooni ni kwamba mtoto wake alisimama kwenye maji yale, akaona yalivyo, akaona yanatoka kwa nani, na akamhurumia. Yeye alidhani anamsomesha ili mtoto aje amwonee fahari baba yake.

Akakunja suruali, akateremka kijitoni. Shemeji akamuuliza anakwenda wapi na lori halijasuuzwa. Povu akageuza jiwe moja, akalichungulia, akalirudisha. Akageuza la pili, la tano, la kumi na mbili. Alifanya kama alivyowaona watoto wakifanya, akiinama na kukunja uso kama daktari. Alichokipata ni kifuniko cha chupa na kijiko chake mwenyewe kilichopotea. Alipopanda, maji yakimchuruzika miguuni, alimwambia Shemeji alimalize lori kwa maji matupu, bila sabuni. Shemeji akadhani ni mzaha.

Wakati wa chakula ikawa kama kikao. Shemeji, baada ya kuelezwa, aliona hakuna tatizo lolote. Hesabu imeshaandikwa, cheti kiko ukutani, barua za ofisi hutoka na kusahaulika. Siku thelathini zitapita na Mama Bustani atakuwa bado analima. Kuna haja gani ya mtu kujichongea? Akaongeza kwamba mwenye malori ameahidi kuleta na la sita.

"Kichwa cha yule mama kinakuja mikononi mwangu kila wiki mbili," dada yake akamjibu. "Nielezeni nitakishikaje."

Shemeji akaitazama sahani yake. Povu alikuwa akikitazama cheti, lakini kwa pembeni, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekaa kupita kiasi. Akasema Jumatatu ataenda shuleni na Katibu. Akauliza koti lake la harusi liko wapi.

"Liko pamoja na picha ya harusi," mkewe akasema. "Nyuma ya mlango."

* * *

Koti halikufunga vifungo. Povu alikwenda nalo hivyohivyo, akilishikilia mbele kwa mkono mmoja kama mtu mwenye kidonda. Mwalimu wa sayansi aliwapokea darasani wakati wa mapumziko, na kwa kuwa hakukuwa na kiti kingine, Povu alikaa kwenye dawati la wanafunzi, magoti yakimfika kifuani. Kwenye ubao wa matangazo alijiona mwenyewe. Palikuwa na picha yake akiwa na ndoo, na chini yake maneno: MFANO WA KUIGWA. Kando yake palikuwa na picha ya mwalimu akipeana mkono na afisa mazingira.

Katibu alisema yote, akiwa amesimama. Alisema bila kulia, maana machozi yake alishayamaliza Jumamosi. Mwalimu alivua kofia, akaipeperusha kidogo, akaivaa tena. Kwa dakika nzima alionekana kuipigia hesabu ile picha ya kupeana mkono. Alianza kusema kwamba ripoti imeshapelekwa, kwamba mkuu wa shule ameshaisifu mbele ya wazazi, kwamba jambo hili pengine lingeweza kusahihishwa polepole, mwakani, kwenye upimaji mwingine.

"Mwakani Mama Bustani atakuwa hayuko pale," Povu akasema.

Mwalimu akainuka, akalibandua tangazo ubaoni, akalikunja mara nne. Alimwambia Katibu kwamba kuanzia siku ile hatashika daftari la klabu, na kwamba jambo hilo linamuuma yeye mwenyewe kwa kuwa hajapata kuwa na katibu mwenye mwandiko kama ule. Halafu akamgeukia baba.

"Na mimi nilikosea. Nilimwachia mtoto kazi ya kupima uchafu wa baba yake."

"Uchafu una jina langu, mwalimu," Povu akasema. "Usiogope kulitaja." Akajaribu kusimama, dawati likasimama naye. Ilibidi Katibu amchomoe.

Walikubaliana kwamba hesabu irudiwe Alhamisi, na kila mtu awepo.

* * *

Alhamisi walifika wanafunzi arobaini, mwalimu, na afisa mazingira mwenyewe, kijana mrefu aliyevaa viatu visivyofaa kwa tope. Mama Bustani alisimama ng'ambo na wenzake wawili, mikono kifuani. Msusi alikuwa ameshakwenda kwake Jumatatu jioni na kumweleza kila kitu, na alichojibiwa hakuna aliyekisikia. Mwenye malori naye alikuwepo, kwa kuwa alikuja kuosha lori akakuta mkutano. Shemeji alikuwa ameligeuza bati lake, upande wa rangi ukitazama ukuta.

Povu ndiye aliyeingia majini kwanza. Alishika karai jeupe, na Katibu, ambaye safari hii hakuwa na daftari, akawa anageuza mawe. Moja. Mbili. Kila jiwe lilipigwa brashi ndani ya karai, na wanafunzi wakasogea kuchungulia. Kufika jiwe la ishirini watoto walikuwa wameacha kusukumana. La thelathini lilipopigwa brashi, ndani ya karai mlikuwa na maji ya kijivu na sura ya Povu.

"Sifuri," akasema mwenyewe, kabla hajaulizwa.

Msichana mdogo wa darasa la nne, aliyeletwa siku hiyo na dada yake, alikuwa amejiingiza hadi mbele. Alitazama ndani ya karai, akamtazama Povu, akauliza wale wadudu walikwenda wapi.

Mwalimu alitaka kujibu. Povu akamtangulia.

"Niliwafukuza mimi," akasema. "Kwa sabuni. Nilikuwa sijui, na nilipoambiwa nimewatunza nilifurahi, nikamwaga nyingine." Msichana akauliza kama watarudi. Povu akasema hajui, na kwamba hilo ni swali la mwalimu. Mwalimu akasema huenda wakarudi. Huko juu bado wapo, na maji huwateremsha. Lakini hawashuki mahali wasipoweza kupumua.

Wakateremka hadi kwenye bustani. Huko walipata wawili tena. Mwalimu akaeleza kwamba bondeni kuna kijichemchemi kinachoingia kwenye kijito pale pale kwenye mboga, na pengine hicho ndicho kinachowapa wale wawili nafuu.

"Wawili wangu wazima," Mama Bustani akasema kutoka ng'ambo. Lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo, na watu wakacheka, Povu pia, ingawa macho yake yalikuwa kwenye maji.

Afisa alikuwa amejikuta katika hali ya kuwafariji watu wote huku tope likimwingia viatuni. Alisema barua ya bustani itafutwa kwa barua nyingine. Alisema sehemu ya kuoshea magari inapewa siku arobaini kurudi hatua ishirini kutoka ukingoni na kuchimba shimo la changarawe na mchanga la kuyachuja maji, ama sivyo itafungwa. Mwisho akasema, kwa sauti ya chini, kwamba ataomba pia kile cheti.

Povu alikuwa ameshakileta. Alikitoa kwenye mfuko wa plastiki, akafungua vibanio vya nyuma, akachomoa karatasi, akamkabidhi. Fremu akabaki nayo. Alieleza kwamba hiyo aliinunua mwenyewe.

Mwenye malori alikuwa ameshaondoka. Lori lake liliondoka na tope lake.

* * *

Shimo lilichukua wiki tano. Povu na Shemeji walichimba asubuhi na kuosha mchana, magari machache yaliyobaki, kwa sabuni kidogo iliyomfanya Povu ajione kama mpishi aliyekatazwa chumvi. Madereva walimtania kwamba sasa abadilishe jina. Shemeji alilalamika siku kumi mfululizo, siku ya kumi na moja akaanza kuwaelekeza wapita njia jinsi changarawe inavyopangwa, kubwa chini, ndogo juu, mchanga kileleni, kana kwamba alizaliwa shimoni. Nyumba iliendeshwa kwa vidole vya msusi. Nyama ikaonekana kwa nadra, na Katibu akavaa viatu vya mwaka jana, vidole vimejikunja ndani.

Mama Bustani hakuja kusukwa kwa wiki sita. Siku aliyokuja alikaa kwenye mkeka wake wa kawaida, akasema tu kwamba kuna msusi wa sokoni aliyemwumiza kichwa. Alipomwona Katibu akipita na ndoo, alimwita, akamwambia kwamba amepunguza dawa kwenye mboga na anataka mtu wa kuja kumhesabia, maana wale wawili hawezi kuwaona bila miwani. Katibu akasema atakuja. Hakujua aangalie wapi. "Angalia huku huku," Mama Bustani akamwambia. "Mimi sili watu."

Daftari la klabu lilishikwa na yule kijana aliyeogopa mende. Lakini mwalimu alimwachia Katibu kazi moja: kila Jumamosi, mawe arobaini chini ya kwa baba yake, na hesabu iandikwe kwenye daftari lake mwenyewe. Baba na binti wakawa wanakwenda pamoja. Jumamosi ya kwanza baada ya shimo kukamilika, sifuri. Ya pili, sifuri. Ya tatu walipata konokono mmoja, Povu akataka aandikwe, Katibu akakataa, wakabishana njia nzima. Ya nne, sifuri. Ya tano, sifuri, na maji yakiwa yameanza kuonyesha mchanga wa chini.

Jumamosi ya sita Katibu alikuwa na mtihani wa majaribio uliochukua kutwa. Aliporudi alimkuta baba yake sebuleni, suruali imelowa hadi mapajani, daftari likiwa wazi mezani mbele yake. Alikuwa ameandika tarehe kwa mwandiko wake mzito, idadi ya mawe, na mbele yake sifuri moja kubwa, iliyopinda upande kama mdomo wa ndoo iliyokanyagwa.

Katibu aliitazama sifuri ile kwa muda mrefu. Hapakuwa na mwalimu siku hiyo, wala afisa, wala yeye. Kulikuwa na baba yake peke yake na mawe arobaini, na penseli.

"Hata mmoja?" akauliza.

"Hata mmoja," Povu akasema. "Niliyarudia kumi ya mwisho." Alikuwa amechoka, na kwa namna fulani alionekana mwenye raha. Akalifunga daftari, akamsukumia. "Wiki ijayo nitaanza alfajiri, kabla magari hayajafika. Labda ni watu wa kuamka mapema."